Santuri za Nchi ya Majani Chai

Kijana wa Kericho au Bomet anayeanza udijei leo kwa kujifurahisha, kabla hajaota kulipwa hata shilingi, huanza kwa kukopi. Hupewa flashi na aliyemtangulia, na ndani yake nyimbo tayari zimepangwa kwa mafolda: injili, rege, bongo, rumba, na folda moja nene iliyoandikwa “Kalenjin”. Hiyo ya mwisho ndiyo atakayoitegemea siku akiitwa kwenye koito (sherehe ya posa na mahari), kwenye harusi, au pale bonasi ya chai inapoingia na kila mwenye shamba ana sababu ya kualika watu. Mpangilio huo umezoeleka hivi kwamba hakuna anayeuliza ulitoka wapi. Nadai kwamba ni wa juzi, na tena unapotosha. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, muziki uliohifadhiwa na kuchezwa kwenye vilima hivi ulikuwa mchanganyiko wa lugha na wa nchi, hata ule tunaouita wa asili kabisa. Anayekusanya kwa kufuata kabila moja anapata kipande cha historia yake, na kipande chenyewe hakieleweki bila vile alivyoviacha nje.

Ushahidi wangu wa kwanza ni wa mwaka 1950. Mwaka huo Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa amehamia kusini mwa Afrika, alifika nchi ya Wakipsigis, mojawapo ya jamii za Wakalenjin, na mitambo yake ya kurekodi. Tracey alikuwa mkusanyaji wa kupindukia. Mfululizo wa santuri aliouita Sauti ya Afrika ulifikia sahani 210, na mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika ambayo leo iko Makhanda, katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Alichokuwa akikitafuta ni ngoma za kijijini kabla mji haujazigusa. Alichopewa huko Kapkatet, pamoja na mengine, ni nyimbo za Chemirocha. Maarufu zaidi ni ile ya tatu, ambamo Chemutoi Ketienya anaimba na wasichana wenzake juu ya chepkong’, kinubi cha Wakipsigis. Na Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa reli na treni kutoka Mississippi, aliyekuwa amekufa kwa kifua kikuu tangu 1933. Sahani zake zilikuwa zimefika huku pamoja na gramafoni za Wazungu, na katika maelezo ya Tracey tunaambiwa kwamba jina lake lilikuwa limegeuka kiumbe cha ajabu, nusu mtu nusu paa, ambaye wasichana wanamwalika aje acheze nao.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwa kicheko: watu wa kijijini wamesikia sauti kwenye sanduku wakadhani ni jini. Kicheko hicho kinapita mbali na yaliyomo kwenye rekodi yenyewe. Tracey hakurekodi wimbo mmoja wa bahati nasibu. Zipo nyimbo tatu zenye jina hilo, maana yake jambo lilikuwa limeenea, likipita mdomo hadi mdomo na kila mmoja akilitengeneza kivyake. Halafu hakuna anayemwigiza Rodgers. Ile sauti yake ya kupanda na kuvunjika kooni haimo, na gitaa halimo. Wamelichukua jina na umbo la mgeni mwenye kuchezesha watu wakaliweka ndani ya mwendo wa chepkong’, na likakaa. Huo ni uamuzi wa kisanii, tena wa watu wanaojua wanachokifanya. Mtu aliyetembea maelfu ya maili kutafuta muziki ambao gramafoni haijauharibu alirudi na wimbo ambao usingekuwapo bila gramafoni. Hakuna rekodi nzuri kuliko hiyo ya kuonyesha kwamba hata tabaka la chini kabisa la “asili” ya Kipsigis tulilo nalo kwenye sahani limekwisha kuchanganyika.

Mlio huo wa Rodgers haukujileta. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono ilikuwa na spring iliyochoka haraka. Sahani ya mizunguko 78 ilibeba kama dakika tatu kila upande, na sindano ya chuma ililika ikabidi ibadilishwe kila mara, la sivyo ingechimba mifereji ya sahani mpaka sauti igeuke mkwaruzo. Mtu mmoja alilazimika kukaa karibu na sanduku akishika mpini, akisikiliza wimbo ukianza kulegea na kushuka sauti, akizungusha kabla haujazama, na wakati huo huo akiamua ni sahani gani itafuata kulingana na sura za waliokaa mbele yake. Nitaambiwa huyo si dijei, kwamba udijei ulizaliwa kwenye vilabu vya miji mikubwa penye sahani mbili zinazozunguka pamoja na kichanganyio katikati. Kwa maana ya ufundi wa kuunganisha wimbo na wimbo, ndiyo. Lakini ufundi huo ni nyongeza. Kiini cha kazi ni kuchagua mbele ya watu, kujua kilichomo kwenye sanduku lako na kubahatisha kinachotakiwa sasa hivi. Kwa kipimo hicho, kazi hii katika nchi ya majani chai ina umri wa karibu sawa na majani chai yenyewe.

Na chai ndiyo iliyofanya sanduku lichanganyike. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iligawa ardhi ya Kericho kwa maafisa wa jeshi waliojeruhiwa ili walime kitani. Mradi ukaanguka katika miaka michache. Katikati ya miaka ya 1920 wakaingia Brooke Bond na kampuni ya James Finlay, na mashamba yakatanda. Wakipsigis wengi wakati huo walikuwa na ng’ombe wao na mahindi ya kuuza, na hawakuona kwa nini wachume majani ya mtu mwingine kwa mshahara mdogo. Kwa hiyo wachumaji wengi waliletwa kutoka Nyanza, Gusii na kwa Waluhya, wakawekwa kwenye laini, zile safu za nyumba ndogo zilizopangwa kando ya mashamba, Mluo akigawana ukuta na Mkisii. Hapo ndipo ndugu watatu walipokutana kila Jumamosi: nyatiti ya Waluo, obokano ya Wakisii, na chepkong’ ya wenyeji, vinubi vya ukoo mmoja vilivyokuwa vimeishi kila kimoja kwao. Baada ya Vita vya Pili askari wa KAR, jeshi la kikoloni, walirudi, wengine na gitaa, wengine na gramafoni, na kuanzia 1947 studio za Nairobi zikaanza kutoa santuri za Kiafrika kwa wingi, zikiongezeka juu ya zile za pwani zilizokuwa zimetangulia tangu Siti binti Saad arekodi Bombay mwaka 1928, na zile za Kuba zilizouzwa Afrika nzima kuanzia 1933 kwa alama ya GV. Mchumaji wa laini aliyeweka akiba akanunua mashine hakununua muziki wa kwao tu. Alinunua kilichopatikana dukani, na majirani walitaka kusikia mambo tofauti.

Duka lenyewe linastahili kukaliwa zaidi, maana bila hilo hoja yangu ingebaki dhana. Mjini Kericho palikuwa na duka la muziki la Chandarana, biashara ya familia ya Kihindi, ambalo halikuishia kuuza santuri bali lilikuwa na studio na lebo yake. Fikiria jambo hilo kwa uzito wake. Nje ya Nairobi studio za maana nchini zilikuwa za kuhesabika, na mojawapo ilikuwa katika mji mdogo wenye mvua ya kila alasiri, umezungukwa na chai pande zote. Haikuwekwa hapo kwa sababu Kericho ilikuwa na bendi nyingi kuliko kwingine. Iliwekwa hapo kwa sababu Kericho ilikuwa njia panda ya mishahara. Waluo, Wakisii, Waluhya na Wakalenjin walilipwa katika mji mmoja, na kila mmoja alikuwa na wimbo anaoutaka. Chandarana alirekodi wote. Santuri ndogo za mizunguko 45 zilizotoka kwake, zikiwekwa kwenye rafu moja, zinaonyesha lugha za magharibi yote ya Kenya zikitoka kwenye mlango mmoja. Wala mfanyabiashara huyo hakuwa akihubiri umoja wa taifa. Alikuwa akiuza, na soko lake halikuwa na kabila.

Sikio linathibitisha kile rafu inachokisema. Chukua Kipchamba arap Tapotuk, aliyefariki mwaka 2007, ambaye yeye na Koilong’et Band yake ndio wanaotajwa kwanza Mkipsigis yeyote mwenye umri akiulizwa kuhusu muziki wa zamani. Maneno ni Kikipsigis kitupu, kilichojaa mafumbo ambayo kijana wa leo huhitaji mzee amfafanulie. Gitaa ni jambo lingine. Zile nyuzi kavu zinazokatana, besi inayoruka badala ya kutembea, na ile desturi ya sauti kunyamaza ili gitaa lichukue uwanja, zote ni za jamii moja na benga iliyokomaa kando ya Ziwa Victoria, na benga yenyewe wataalamu wengi huirudisha kwenye vidole vya mpiga nyatiti. Ukiziweka santuri za Tapotuk kando ya za D.O. Misiani wa Shirati Jazz unasikia mazungumzo yakiendelea. Ukizifungia kwenye folda ya peke yake unasikia nusu ya mazungumzo hayo, kama mtu anayemsikiliza jirani akiongea kwa simu.

Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo mkusanyaji wa leo hulikosa. Sahani ya 45 haikuweza kubeba wimbo mzima wa benga, kwa hiyo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza hadithi na mashairi, upande wa pili gitaa likipamba moto, kila mmoja ukiandikwa sehemu yake kwenye lebo. Katika baa, mchezaji wa santuri aliyekuwa mvivu kugeuza sahani aliwaacha watu wamesimama katikati ya sakafu wakati utamu ndio kwanza unaanza. Mwenye bidii aligeuza haraka, na mwenye pesa alinunua nakala mbili. Waliohamisha nyimbo hizi kwenda kwenye kanda na baadaye kwenye kompyuta mara nyingi walichukua upande wa kwanza peke yake, maana ndio wenye jina la wimbo na maneno. Ndiyo maana vijana wengi wanaamini muziki wa zamani ulikuwa mfupi na mpole. Nusu yake ya kucheza haikukopiwa.

Sasa lipo pingamizi zito, na silipuuzi. Mchanganyiko ninaousifu haukuja kwa hiari. Ardhi ilichukuliwa kwa nguvu. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, ambao ndio uliotoa viongozi wa kiroho, ulihamishwa kwa sheria maalumu hadi Gwassi, kandokando ya ziwa, mahali pa mbung’o na malaria, na madai ya familia zilizofukuzwa kupisha chai yamefikishwa hadi Umoja wa Mataifa na kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Kisha mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani wa laini na wa mipakani walifukuzana na kuuana. Mkipsigis anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini asherehekee sauti zilizoletwa juu ya ardhi ya babu yake, na kwa nini asijenge mkusanyiko ulio wake mwenyewe, angalau humo.

Jibu langu ni kwamba santuri ya mchumaji Mluo au Mkisii si sauti ya kampuni. Ni sauti ya mtu aliyeletwa na mashine ile ile iliyomfukuza Mtalai, akalipwa kidogo, akalala kwenye chumba kimoja na watoto wake, na Jumamosi akatafuta pa kupumulia. Kuitoa kwenye mkusanyiko hakurudishi hata ekari moja. Kunachofanya ni kuifuta chai kwenye kumbukumbu, kana kwamba muziki wa Kipsigis uliruka moja kwa moja kutoka kwenye chepkong’ hadi kwenye kibodi cha leo bila kupita shambani. Anayetaka historia ya unyang’anyi isisahaulike anazihitaji santuri hizo kama ushahidi, hata asipozipenda. Kuhusu 1992 na 2007, sidai kwamba watu waliocheza pamoja hawawezi kupigana, wamepigana. Nadai tu kwamba mkusanyiko uliogawanywa kikabila unaeleza miaka ya vita kana kwamba ndiyo hali ya siku zote.

Wapo pia watakaosema kwamba folda ya “Kalenjin” ndiyo iliyouokoa muziki huu, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Enzi za Sauti ya Kenya, redio ya serikali, lugha za magharibi ziligawana saa kwenye kituo cha Kisumu, na Kikalenjin kilipata kijisehemu. KASS FM ilipoanza mwaka 2005, ikafuatwa na wenzake kama Chamgei, mwimbaji wa Bomet alipata kwa mara ya kwanza redio inayompiga asubuhi hadi usiku. Bila hizo, sauti ya Diana Chemutai Musila, aliyejulikana kama Chelele, ingechukua muda mrefu zaidi kuvuka Sotik. Kanda na baadaye sidii zilikuwa zimeiua biashara ya santuri kwa nakala za wizi, na redio za lugha ndizo zilizowapa wanamuziki pa kushika. Nalikubali lote hilo. Ila redio ya lugha hupanga muziki kwa lugha kwa sababu inauza wasikilizaji wa lugha hiyo kwa wenye matangazo. Ni mpango halali wa biashara, na una umri wa miaka ishirini hivi. Dijei anayejifurahisha nyumbani kwake hana matangazo ya kuuza. Hakuna anayemlazimisha kuupanga muziki wake kama meneja wa kituo.

Akiamua kuupanga vingine, kazi yenyewe itamfundisha. Programu za kisasa hutambua mapigo ya wimbo na kuuoanisha na mwingine kwa kubonyeza kitufe, lakini zinategemea wimbo uliopigwa kwa mapigo ya mashine. Ngoma za studio ya Kericho zilipigwa na mtu, na mtu huharakisha gitaa linapochemka. Mistari ya kwenye skrini huteleza, na Tapotuk akiunganishwa na wimbo wa juzi kwa kitufe hicho hutoka kama viatu viwili vya mguu mmoja. Lakini ukimuunganisha kwa sikio na benga ya Kiluo au wimbo wa Kikisii wa miaka hiyo hiyo hukaa sawasawa, maana waliopiga walisikilizana. Ugumu wa pili ni majina. Faili nyingi zilizomo kwenye flashi hazina mtunzi, mwaka wala lebo, zina neno “miksi” na namba. Anayeandika majina hayo tena, kwa kuuliza wazee na kutazama lebo za sahani zilizobaki, anafanya kazi ambayo hakuna ofisi inayoifanya.

Pingamizi la mwisho ni la wenye imani na maktaba: waachiwe wataalamu. Kwa kweli wataalamu wamefanya mengi. Mwaka 2014 maktaba ya Tracey, ikishirikiana na watu wa mradi wa Singing Wells na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha rekodi za 1950 kwa Wakipsigis, na wazee waliokuwapo wakasikia ujana wao. Kampuni za Ulaya nazo zimetoa upya santuri za Kenya za miaka ya 1970, kama ile Kenya Special ya Soundway ya mwaka 2013, na wakusanyaji wa ng’ambo hulipa fedha nzuri kwa sahani ambazo huku zilifunikia mitungi. Lakini kila mkusanyaji huhifadhi kile alichokuja kukitafuta. Tracey hakuandika orodha ya sahani zilizochezwa kwenye laini Jumamosi jioni, na mnunuzi wa ng’ambo hanunui utaratibu wa kuzicheza. Nini kilifuata nini, wimbo gani wa Kikisii uliwainua Wakipsigis, upi ulifunga usiku: hayo yamo kwenye vichwa vya watu waliokuwa wakigeuza sahani, na si wengi waliobaki.

Anayetaka kuyapata inampasa atoke nje ya kaunti yake. Mashine za kuchuma chai zimepunguza wachumaji mwaka hadi mwaka, na hasira juu ya mashine hizo zilifikia kuzichoma moto mashambani Kericho mwaka 2023. Kampuni zenyewe zimebadilisha mikono: mashamba ya Finlays na yale yaliyokuwa ya Brooke Bond yameuzwa kwa Browns ya Sri Lanka. Laini nyingi zimepungua watu, na mstaafu wa laini harudi kwao mikono mitupu. Hurudi na kitanda, sufuria, redio na sanduku lake. Kwa hiyo santuri nyingi zilizorekodiwa na kuchezwa Kericho huenda ziko sasa chini ya vitanda Nyamira, Vihiga na Siaya, kwa watu wanaokijua Kikipsigis cha nyimbo na hawajaulizwa. Dijei wa Bomet mwenye nauli na daftari aanzie huko.